Panya Waliokaa Kimya

Ukifika kwa Igsaan Toffar, mtaa ule wa nyuma ya karakana za reli pale Salt River, usihangaike kutafuta kitufe cha kengele. Hakipo. Kuna matundu mawili ya skrubu kwenye fremu ya mlango, mahali kilipokuwa zamani, na ingawa amepaka rangi juu yake bado yanaonekana. Gonga kwa mkono. Fundi umeme mmoja aliwahi kumshauri afunge kengele mpya, kwamba za siku hizi zinaimba hata wimbo; Igsaan akamlipa ujira wake wote na kumfungulia mlango atoke, kazi haijafika hata nusu. Wageni wanasema mzee ana maringo. Hana maringo, maskini. Ana kengele yake moja kichwani, na hiyo inamtosha.

Igsaan alikuwa mtunza panya. Cheka tu, sisi wote tulicheka. Mtaa mzima una wanaume wa reli, wa bandarini, wa viwanda vya nguo, yeye kaenda kuajiriwa na panya. Tukampa jina la Paka. Akipita asubuhi na mkoba wake tulimwamkia, "Paka, wanao hawajambo?" naye hujibu, "Hawajambo, wanakusalimu, wanasema mmefanana masikio." Alikuwa na majibu, Igsaan yule wa zamani.

Panya wenyewe walikaa katika chuo cha udaktari, mwendo wa miguu tu kutoka kwake, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Kila mmoja alikuwa na kizimba chake cha plastiki, na vizimba vilipangwa juu ya rafu kama makopo dukani. Kazi ya Igsaan ilikuwa kubadilisha maranda ya kulalia, kujaza maji, kuwapima uzito na kuwapa chakula. Miaka ikaenda, wakaona ana mkono mtulivu, panya hawamng'ati. Basi Daktari Elmarie Roux, mwanamke mrefu aliyezaliwa mashambani huko Karoo, na ambaye alikuwa akichunguza ugonjwa wa kifafa, akamkabidhi na kengele.

Kengele ilikuwa ya umeme, kama zile za shule, imefungwa kwenye mfuniko wa beseni kubwa. Panya wa Daktari Roux walikuwa wa ukoo mmoja, ndugu wameozwa ndugu vizazi na vizazi mpaka wote wakawa sawasawa, na ukoo huo ulikuwa na kilema chake: wakipigiwa kelele kali wanaanguka kifafa. Igsaan alimweka panya ndani ya beseni, akafunika, akabonyeza. Panya alikimbia kama mwehu, akajigonga ukutani, kisha akaanguka ubavu, miguu ikajinyoosha na kuanza kupigapiga hewa. Kila mara Igsaan aligeuza uso. Daktari alidhani ni huruma tu. Hakujua kwamba mtunza panya wake anayaona hayo hayo nyumbani, mezani pake, kwa mtoto wake wa pekee.

Mtoto huyo ni Nawaal. Alianza kuanguka akiwa na miaka minne, na wakati wa kisa hiki ametimiza tisa. Hakuwa na dalili. Anakula, anasimulia habari za shule, mara macho yanapanda juu na kijiko kinaruka. Walijaribu dawa hii, ikamlaza usingizi darasani. Wakajaribu ile, ikamnyonyoa nywele. Wakachanganya zote mbili, akawa anaanguka vilevile ila sasa amezubaa. Jino la mbele lilivunjika kwenye ukingo wa bafu. Shamiela, mama yake, alikuwa mshonaji kiwandani, akaleta vitambaa vya mabaki na kuzungushia kila pembe ya meza na kabati, mpaka nyumba ikaonekana imefungwa bandeji. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sisi tulikuwa tukisema pole, kisha tunarudi kwetu na kulala.

Mwaka ule Daktari Roux alianza uchunguzi mpya. Hospitali wanaiita lishe ya ketojeniki. Igsaan aliiita chakula cha mafuta, maana ndivyo kilivyo. Unamnyima mgonjwa sukari na wanga karibu wote, unampa mafuta, mafuta, mafuta, mpaka mwili unasahau kuchoma sukari na kuanza kuchoma mafuta, na kwa namna ambayo hakuna anayeielewa vizuri, kifafa hupungua. Ya panya ilikuja kwenye ndoo kutoka ng'ambo, uji mzito mweupe. Kwenye ndoo iliandikwa imetengenezwa kwa mafuta ya nguruwe.

Igsaan alivaa glavu mbili, moja juu ya nyingine, na jioni aliosha mikono kama sote tulivyofundishwa madrasa: mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Najisi ile haitoki vinginevyo. Aliweka kopo la udongo chini ya sinki la kazini, na Daktari Roux, alipoelezwa, akawa analijaza mwenyewe kutoka kwenye vyungu vyake vya maua. Mkristo yule alikuwa na adabu zake.

Kisha ikaja siku ya kengele. Igsaan akamweka panya ndani ya beseni, akafunika, akabonyeza, akageuza uso kama kawaida. Kengele ikalia. Hakusikia mbio. Alipotazama, panya amekaa pale pale. Kengele ililia mpaka ikakoma, na panya akainua mikono yake miwili midogo, akajinawa uso. Akamleta wa pili, naye akakaa. Wa tatu alianguka, lakini wa nne na wa tano wakakaa. Igsaan alikwenda stoo ya maranda, akafunga mlango, akalia mpaka akaishiwa na machozi.

Tangu hapo Nawaal hakutaka hadithi nyingine ya kulalia. Asikie sungura na fisi wa nini, na babake ana panya wa kweli? Igsaan alimsimulia beseni, mfuniko, kengele, na yule panya wa rafu ya juu aliyeketi kimya akajinawa uso. Alionyesha kwa mikono yake. Mtoto naye alionyesha kwa yake. Hadithi iliishia hapo kila siku. Kilichofuata hakukisimulia. Kilichofuata ni sanduku la gesi, kwa sababu daktari lazima autazame ubongo wa panya, na aliyefunga mfuniko wa sanduku ni Igsaan huyo huyo.

Akamwendea Daktari Roux, akamweleza habari za mwanawe, kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi pamoja. Daktari alikaa chini kabisa.

"Igsaan, nisikilize vizuri," akasema. "Hawa ni panya. Wote damu moja, wanakula ninachowawekea, hakuna jirani anayewaletea sahani. Na wanaanguka kwa sababu nimepiga kengele. Mwanao anaangushwa na kengele gani?"

"Hana kengele, Daktari. Anaanguka tu."

"Basi panya wangu hawajui lolote juu yake. Nenda kwa madaktari wa watoto, wao chakula hiki wanakijua, kinawasaidia baadhi. Baadhi, Igsaan."

Igsaan alisikia "kinawasaidia". Lile neno la mwisho liliingia sikio hili likatokea la pili.

Madaktari wa watoto hawakuwa na pingamizi. Walimlaza Nawaal hospitali siku chache, wakamfundisha mama na baba kupima chakula kwa mizani: krimu, siagi, mayai, mafuta ya zeituni, kipande cha kuku kisichozidi kidole gumba. Mkate hakuna. Wali hakuna. Na Jumapili, wewe unayetujua unaelewa, Jumapili ndiyo siku ya koesister, maandazi yetu ya tangawizi na iliki, yaliyochovywa shira na kunyunyizwa nazi, na harufu yake huamsha mtaa kabla ya jua. Bi Moena wa mlango wa pili hukaanga kwa ajili ya nusu ya mtaa, na Nawaal ndiye aliyekuwa mpeleka bakuli wake tangu ajue kutembea. Aliendelea kupeleka. Alipita nyumba hadi nyumba na bakuli la moto kifuani, bila kula hata moja, na watu wazima tukawa tunashindwa kumtazama usoni. Bi Moena aliacha kukaanga Jumapili moja, kwa aibu. Mtoto mwenyewe akaenda kumgongea na kumuuliza kama anaumwa.

Na chakula kilisaidia. Tusiwe watovu wa shukrani. Aliyekuwa akianguka asubuhi, mchana na jioni, akawa anaanguka baada ya siku mbili tatu. Alichangamka, akaanza kusoma kwa sauti. Shamiela alishukuru Mungu na kusema hiyo ni nusu ya mkate na anaipokea. Lakini Igsaan hakutaka nusu. Igsaan alikuwa ameona panya wakikaa kimya, kimya kabisa, na kila mwanawe alipoanguka aliisikia kengele ile kichwani, naye hujiuliza kwa nini panya wakae na Nawaal aanguke. Alipima upya kila kitu. Mizani ilikuwa sawa. Krimu ilikuwa sawa. Siku moja akiwa amechota uji mweupe kwenye ndoo, na glavu zake mbili, jibu likamjia. Panya walikula nguruwe. Mwanawe alikuwa akila siagi.

Jamani, wazo likiingia kichwani mwa mtu aliyekata tamaa halitoki kwa ufagio. Alikwenda kwa imamu akauliza kwa kuzungukazunguka, kwamba kuna mwenzake kazini ana mgonjwa. Imamu akamjibu bila ukali: kilichoharamishwa huenda kikaruhusiwa kwa dharura, lakini mpaka tabibu mwaminifu aseme kwamba hakuna dawa nyingine. Basi akaenda kwa tabibu mwaminifu aliyemjua. Akamuuliza Daktari Roux ni mafuta yoyote yanayowatuliza panya, au ni yale ya nguruwe.

"Sijui," Daktari akasema. "Chakula chao tunakinunua kikiwa tayari. Hatujawahi kuwapa siagi."

Mwenye akili zake angesikia hapo mwisho wa elimu ya daktari, kama vile mtu anavyofika mwisho wa barabara. Igsaan alisikia nusu ya ndiyo. Mfa maji haachi kutapatapa.

Jumamosi alipanda treni mpaka kitongoji ambacho hakuna anayemjua, akavua kofia yake na kuitia mfukoni, akaingia bucha la Mreno mmoja. Alipotoka alikuwa na kifurushi cha karatasi. Alisema baadaye kwamba ndani ya behewa aliona kila mtu ananusa.

Sasa ifahamike kwamba Shamiela alitoka kwenda kiwandani kabla ya jua, na kifungua kinywa cha mtoto kilikuwa cha Igsaan. Alinunua kikaango kidogo kipya, akakificha nyuma ya pipa la taka uani. Akishaswali alfajiri, anakaangia mayai ya Nawaal mafuta yale, anapima kama hospitali walivyoagiza, anamwita mtoto mezani. Mtoto anasema bismillahi na kula. Wakati anavaa sare ya shule, baba yuko uani amechuchumaa, anaosha kikaango, sahani na kijiko, mara saba, mojawapo kwa udongo.

Na Nawaal hakuanguka. Wiki ya kwanza, hakuanguka. Wiki ya pili, hakuanguka. Ukaingia Ramadhani, watoto wakawa wanapishana na sahani za vitafunio jioni kabla ya adhana, kila sahani inayokwenda inarudi na kitu, na Nawaal, ambaye kwa ugonjwa wake hakufunga, akawa katikati yao anakimbia, anakimbia mbele ya macho yetu, binti ambaye tulizoea kumuona ameshikwa mkono. Shamiela alitoa sadaka. Alimlaza mtoto na kurudi sebuleni akiimba. Sisi mtaani tulimwambia Igsaan hongera, naye alisema ahsante na kutazama viatu vyake.

Maana furaha ile haikuwa na pa kukaa ndani yake. Akisujudu aliisikia harufu ya kikaango vidoleni. Aliota panya wamepanga safu mezani pake, wanajinawa uso. Usiku mmoja alimchungulia Nawaal usingizini, mtoto akainua mikono miwili na kujisugua macho kama wafanyavyo watoto wote duniani, naye Igsaan akaganda mlangoni. Kimya kile alichokitamani miaka mitano kikawa kinamtisha kuliko kishindo. Alikuwa akingoja kengele.

Kilichotangulia hakikuwa kengele, kilikuwa swali la mtoto. Jumamosi moja kiwanda hakikuwa na kazi, Shamiela akalala mpaka jua kutoka, akaingia jikoni na kumkuta Nawaal anamalizia yai.

"Mama, mbwa aliingia jikoni?"

"Mbwa gani?"

"Sijui. Baba anaosha kikaango kwa udongo. Kila siku."

Mtoto alikuwa amefundishwa madrasa wiki ile ile kwamba najisi ya wanyama wawili tu huoshwa namna hiyo, mbwa na yule mwingine, na akamchagua yule mwepesi. Nyumba yao haikuwa na mbwa, na ya jirani haikuwa na mbwa. Shamiela akatoka uani. Mumewe alikuwa amechuchumaa kando ya bomba, matope mpaka viganjani.

"Igsaan, unaosha nini?"

Igsaan akaendelea kusugua kikaango.

"Nakuuliza, mume wangu. Unaosha nini?"

"Wale panya walikaa kimya, Shamiela," akasema. "Na yeye hajaanguka. Tangu nianze, hajaanguka hata mara moja. Umeona mwenyewe."

Shamiela alifungua mdomo amjibu, na hapo wote wawili wakasikia kiti kikianguka jikoni.

Kifafa hicho kilikuwa kibaya kuliko vyote vilivyotangulia. Nawaal alianguka, akatulia, akaanguka tena kabla macho hayajarudi, na gari la wagonjwa likaitwa. Yai lilikuwa bado linang'aa mdomoni mwake, limepikwa kwa mafuta yale yale. Igsaan alikuwa amemshika kichwa kwa mikono yenye tope, na tope likabaki kwenye nywele za mtoto mpaka hospitali.

Nawaal alirudi mzima baada ya siku kadhaa, amechoka, amejing'ata ulimi. Madaktari walisema ndivyo ulivyo ugonjwa huu, una misimu yake, hunyamaza bila sababu na kurudi bila sababu. Sisi tulikuwa na usemi huo muda wote: kimya kingi kina mshindo mkuu. Shamiela hakumpigia mumewe kelele. Alitoa kila chombo cha jikoni, masufuria, vikombe, hata vijiko vya chai, akavipanga uani, akachota udongo na kuanza. Ukuta wetu ni mfupi, kila mtu aliona, na hakuna mtu wa mtaa wetu asiyejua maana ya masufuria yote uani na beseni la udongo. Bi Moena alimpitishia juu ya ukuta ndoo ya udongo wa bustani yake, kisha akazunguka kwa mlangoni, akakunja mikono ya kanzu na kuosha naye. Mchana ule chakula cha Nawaal kilipikwa kwa Bi Moena, kwa siagi, kwa mizani.

Igsaan akaenda kazini na kumwambia Daktari Roux yote. Alitarajia kufukuzwa, nadhani alitaka kufukuzwa. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, uso umemwiva, akakiri kwamba lile "sijui" alipaswa kulisema kwa maneno zaidi. Kisha akamwambia jambo ambalo Igsaan analirudia mpaka leo ukimkuta katika hali ya kusema.

"Panya akikaa kimya najua ni chakula, kwa sababu kengele niliipiga mimi na nitaipiga tena nikitaka. Mwanao akikaa kimya hujui ni chakula, ni dawa, ni nguruwe, au ni ugonjwa umepumzika tu. Huna cha kubonyeza, Igsaan. Kwa mtoto unangoja tu."

Akarudi nyumbani mapema, anatembea na kengele yake kichwani kama kawaida. Alipofungua mlango ikawa bado inalia. Hakushangaa. Alivua koti, akatundika, na hapo kengele ikakoma, ikaanza tena, na akatambua kwamba ile ya kichwani haikomi hivyo. Ilikuwa inatoka bafuni.

Nawaal alikuwa amekaa ndani ya bafu kavu, na sare yake ya shule, magoti kifuani, pazia la plastiki amelivuta juu yake kama mfuniko. Mkononi alikuwa na kengele ya baiskeli yake ya zamani, ile aliyokatazwa kuipanda. Ameiweka kando ya sikio na kuipiga kwa kidole gumba, macho ameyafumba.

"Unafanya nini, mama?" Igsaan akauliza.

"Najipima. Nimepiga mpaka kidole kinauma, na sijaanguka." Akaiweka kengele juu ya magoti, akainua mikono miwili, akajinawa uso. "Nimepona, Baba?"

Igsaan alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye ukuta. Akamwambia kwamba kengele ile ni ya panya, kwake haipimi kitu. Mtoto hakuwa na huzuni, alikuwa anataka tu kujua.

"Sasa wale waliopona wako wapi?"

Siku zote hadithi ilikuwa imeishia kwenye kunawa uso. Angeweza kumwambia wamerudi kwao, na mtoto angeamini, na wengi wetu ndivyo tungefanya.

"Hawapo," akasema. "Tuliwaua. Siku ile ile."

"Wote?"

"Wote, mama."

"Basi hamkungoja mwone kama wataanguka tena."

"Hatukungoja."

Nawaal aliitazama kengele, kisha akanyoosha mkono na kumpa babake. Igsaan akaipokea, akaizuia kwa kiganja isilie.

"Na mimi?" mtoto akauliza. "Mimi utaningoja?"

"Nitakungoja."

Akanyoosha mikono atolewe bafuni, na ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, alimbeba. Jioni ile ile Igsaan alichukua bisibisi akang'oa kitufe cha mlangoni. Haukupita mwezi akaacha kazi ya panya, akapata ya kufagia stesheni, na jina la Paka likafa lenyewe.

Hayo ni ya zamani. Nawaal sasa ni mwanamke mzima, anafundisha watoto wadogo kusoma. Chakula cha mafuta alikiacha miaka mingi iliyopita, dawa zimebadilishwa mara kadhaa, anaanguka kwa nadra, pengine mwaka unapita mzima, na ukimuuliza daktari yeyote ni nini kilichomsaidia atakupa majina matatu na kuinua mabega. Jumapili anakula koesister kwa Bi Moena, ambaye sasa anakaanga kwa mikono inayotetemeka. Mama yake alikwishamsamehe baba yake. Alichukua muda wake, lakini alimsamehe.

Kwa hiyo ukifika, gonga kwa mkono, tena polepole. Usiogope kwamba ni mapema mno au usiku umekwenda. Kiti chake kiko ukumbini, nje ya chumba cha binti yake, na atakufungulia mara moja, kwa sababu yeye halali usingizi. Anangoja.